Wiki ya kwanza ya hisabati na darasa jipya: hatua kwa hatua

Mwaka mpya ukianza, walimu wengi wa hisabati huingia darasani na orodha ya sheria mkono mmoja na sura ya kwanza ya kitabu mkono wa pili. Mimi vyote viwili naviweka pembeni kwa siku chache. Watoto wa miaka 11 hadi 14 hawaji kwako wakiwa watupu. Wana namna zao za kufikiri walizozizoea, nyingine sahihi na nyingine za kubahatisha, na usipozijua mapema utafundisha juu yake hadi mwisho wa muhula bila kuelewa kwa nini hawakupati.

Hatua ya 1: Kabla hawajaingia

Panga viti wakae wawili wawili. Jifunze kutamka majina yao. Alama za mwaka jana zisome baadaye, maana ukishajua nani alipata 20, utaanza kumruka kabla hajafungua mdomo.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, wape hesabu

Andika ubaoni: "Tumia tarakimu 4 mara nne, si zaidi wala pungufu, pamoja na kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na mabano. Pata majibu yote kuanzia 0 hadi 10."

Hakuna anayeshindwa kuanza: 4 + 4 − 4 − 4 ni 0. Utamu unakuja kwenye 3. Mmoja ataandika 4 + 4 + 4 ÷ 4 na kusema amepata 3. Usimsahihishe. Subiri, kwa sababu dawati la pili kuna mwenzake ambaye kwa maandishi hayohayo amepata 9. Waite wote wawili ubaoni, kila mmoja aeleze alianza na nini. Darasa litabishana, na humo kwenye ubishi ndimo litakapogundua kwamba 3 inahitaji mabano: (4 + 4 + 4) ÷ 4. Somo la mpangilio wa matendo umeshalianza, na hakuna aliyenakili kanuni.

Amua mapema kama unaruhusu 4 mbili kuunganishwa kuwa 44, kwa sababu lazima watauliza wakifika kwenye 10. Mimi naruhusu: (44 − 4) ÷ 4.

Wakati wanafanya, zunguka na usikilize. Anayefuta kila anachoandika, anayengoja jirani aanze, anayemaliza haraka na kukataa kueleza: waandike kwenye daftari lako.

Hatua ya 3: Siku ya pili, jaribio lisilo na alama

Waambie wazi kwamba halina maksi, na kweli lisiwe nazo. Bila kikokotoo, na kila jibu liwe na sentensi moja ya sababu. Maswali yangu ni haya:

8 + 4 = __ + 5
1/2 + 1/3
Ipi kubwa, 0.35 au 0.5? Na kati ya 0.62 na 0.4?
2 − 7

Hatua ya 4: Soma makosa, usihesabu alama za vema

Hapa ndipo pa kutumia jioni yako. Panga karatasi kwa aina ya kosa.

Kwenye swali la kwanza, aliyeandika 12 anaiona alama ya = kama amri ya "toa jibu". Aliyeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Wote wawili watateseka kwenye milinganyo, hata kama kujumlisha kwao ni safi. Wakirudi, nawasimulia habari ya Robert Recorde, mtu wa Wales, ambaye mwaka 1557 alichoka kurudia maneno "ni sawa na" akachora mistari miwili sambamba, kwa kuwa hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kisha tunarudi kwenye swali: upande wa kushoto una 12, je, wa kulia?

Aliyepata 2/5 kwenye sehemu, usimkimbizie kigawe kidogo cha shirika. Muulize 2/5 na 1/2 ipi kubwa. Akiona kwamba amejumlisha na jibu limekuwa dogo kuliko alichoanza nacho, atataka mwenyewe njia nyingine.

Kwenye desimali nauliza mara mbili kwa makusudi. Anayedhani 0.35 ni kubwa kwa sababu 35 inaizidi 5 atanaswa na swali la kwanza. Lakini yupo anayeamini kwamba desimali fupi ndiyo kubwa siku zote. Huyo analipata la kwanza kwa bahati, na 0.4 ndiyo inayomfichua.

Aliyejibu 5 kwenye 2 − 7 amegeuza namba. Mstari wa namba utamsaidia.

Hatua ya 5: Taratibu, chache tu

Mbili zinatosha: swali moja ubaoni la kuanza nalo wanapoingia, na kosa kwenye daftari linakatwa kwa mstari mmoja, halifutwi. Nyingine zitakuja zikihitajika.

Hatua ya 6: Wiki ya pili

Sasa fungua sura ya kwanza. Kosa lililojitokeza kwa wengi lifanye swali la kuanzia kipindi, moja kila siku. La wachache, kaa nao wakati wengine wanafanya zoezi. Zile karatasi zihifadhi. Katikati ya muhula wape maswali yaleyale kwa namba tofauti, kisha mrudishie kila mmoja karatasi zake mbili azilinganishe mwenyewe.