Jinsi ya Kumsikiliza Mtoto Mwenye Dhiki: Hatua kwa Walimu wa Ushauri Nasaha Jijini Nairobi

Mwongozo huu ni wa walimu wa shule za msingi waliokabidhiwa ushauri nasaha juu ya vipindi vyao vya kawaida. Mtoto mdogo ni nadra akueleze kwamba ana huzuni. Atakwambia tumbo linamuuma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kusikiliza, na nasaha huja baadaye.

Hatua ya 1: Tazama kilichobadilika. Mtoto aliye mkimya tangu Januari hanitii wasiwasi kama yule aliyekuwa mchangamfu, kisha akanyamaza ghafla. Pitia rejista uone kama anakosa shule siku zile zile kila wiki. Kabla ya kudhani mengine, hakikisha amekula: ingawa Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula cha shuleni ulioanza mwaka wa 2023, humtaka mzazi achangie shilingi 5 tu kwa mlo, usichukulie kwamba kila mtoto amepata chakula.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pa kuzungumzia. Shule nyingi hazina chumba cha ushauri. Benchi chini ya mti, mahali mnapoonekana na wengine lakini hamsikiki, linatosha. Epuka ofisi ambayo watoto huitwa wanapokosea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko, na hata kama isingekataza, mwalimu aliyemchapa mtoto asubuhi asitarajie kuambiwa siri yake mchana.

Hatua ya 3: Mweleze mapema mpaka wa siri. Mwambie hivi: “Utakayoniambia sitayatangaza darasani. Lakini ukiniambia kuna mtu anayekuumiza, itabidi nimweleze mtu mzima atakayetusaidia kukulinda.” Usimwahidi zaidi ya hapo, hata akikusihi.

Hatua ya 4: Mpe karatasi na kalamu za rangi. Hapa ndipo inapofaa kutumia muda mwingi. Mwombe achore nyumba yao na wote wanaolala humo. Tuseme mtoto kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru anachora chumba kimoja, mama na wadogo zake ndani, na yeye mwenyewe nje ya mlango. Usiharakishe kufasiri kwamba ametengwa. Muulize, “Huyu aliye nje anafanya nini?” Huenda akajibu kwamba anamngoja baba, kwa sababu baba akirudi usiku huwa kunazuka ugomvi, naye hutaka kumwamsha mama mapema. Jibu hilo usingelipata kwa kuuliza, “Kwa nini siku hizi unasinzia darasani?”, kwani swali la “kwa nini” mtoto hulisikia kama shtaka. Uliza “kulitokea nini?”, kisha unyamaze. Akichanganya Sheng na Kiswahili, mwache aendelee bila kumsahihisha.

Hatua ya 5: Mfundishe kujituliza. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole kwa mdomo kama anayepuliza uji wa moto. Mfanye mazoezi akiwa ametulia, kwa kuwa hofu ikishampanda hatajifunza jambo jipya.

Hatua ya 6: Mshirikishe mzazi. Mzazi wa kibarua akiitwa shuleni asubuhi hupoteza ujira wa siku nzima, kwa hiyo mpigie simu jioni na uanze kwa jambo jema kuhusu mwanawe. Ikiwa dhuluma inashukiwa kutoka nyumbani, usipige simu hiyo. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ifuatayo.

Hatua ya 7: Toa taarifa inapobidi. Mtoto akifichua dhuluma, usimhoji kama askari. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, umjulishe mwalimu mkuu, na upige simu ya bure ya watoto, 116, au uwasiliane na afisa wa watoto. Kukiwa na unajisi, yaani mtoto ameingiliwa kingono, ni lazima afikishwe hospitalini haraka iwezekanavyo, wala zisipite saa 72, kwa sababu dawa za kukinga virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya muda huo. Kesi ya aina hii kamwe isimalizwe kwa kikao cha wazee.

Hatua ya 8: Endelea kumfuatilia. Fungia maandishi yako kabatini. Mwalimu wa darasa mweleze yale tu yatakayomwezesha kumsaidia mtoto, na mpange na mtoto siku ya kukutana tena, hata kama kesi yake imeshapokelewa na wengine.