Somo: Kuchunguza aina za mwani na sayanobakteria katika vidimbwi vya Antaktika

Tutafanyia kazi vidimbwi vilivyo juu ya barafu ya McMurdo inayoelea baharini. Chini ya maji yake kuna utando mnene wa viumbe hai, wakiwemo sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea.

1. Pata kibali kwanza. Itifaki ya Madrid ya 1991 inalinda mazingira ya Antaktika. Safisha buti na vifaa usije ukaingiza viumbe vya kigeni.

2. Kabla ya kugusa chochote, piga picha, pima joto, pH na chumvi. Vidimbwi jirani huweza kutofautiana sana kwa chumvi.

3. Kata utando wote, juu hadi chini. Hapa ndipo wengi hukosea. Juu utaona rangi ya chungwa, yaani karotenoidi zinazokinga mwanga mkali; ukifunua, chini ni kijani-buluu, na huko ndiko kuna uhai mwingi. Anayekwangua juu tu huondoka na nusu ya habari. Mimi hukata ncha ya bomba la sindano, nikalididimiza taratibu hadi kwenye tope. Chukua ukingoni, katikati na palipokauka.

4. Gawa kila sampuli mara tatu: mbichi kwa hadubini, ya formalini (dawa ya kuhifadhi seli zisioze) kwa kuhesabu seli, na ya kugandisha kwa DNA. Niliwahi kutia zote formalini. DNA ikaharibika, safari nzima ikapotea.

5. Tazama zikiwa hai. Kati ya sayanobakteria, Nostoc ni kama shanga ndani ya ute. Phormidium ni nyuzi. Kisha soma DNA kwa jeni za kutambulisha aina: 16S kwa sayanobakteria, 18S kwa mwani. Kumbuka 16S hunasa pia kloroplasti (viungo vya seli vinavyonasa mwanga) za mwani, zikiwemo za diatomu, mwani wenye ganda la silika. Zitenge kabla ya kuhesabu.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Sayanobakteria nizikuzie kwenye jokofu?
Marahaba. Weka baadhi huko, lakini jaribu pia nyuzi 15 na zaidi. Sayanobakteria nyingi za huko huvumilia baridi tu, ila hukua haraka penye joto.

Utando mkavu una faida?
Sana. Katika Bonde la Taylor, hukohuko Antaktika, mkondo uliokauka takriban miaka 20 ulirudishiwa maji, na ndani ya wiki moja utando ukawa umefufuka.

Na theluji nyekundu?
Huo ni mwani wa kijani uliojaa astaksanthini, karotenoidi nyekundu. Yeyusha theluji polepole, gizani, penye baridi. Ukiharakisha, seli hupasuka.