Jinsi ya kuusoma msimu mpya wa kikapu cha vyuo Marekani kabla haujaanza

Kila ikifika Oktoba jamaa zangu wananiuliza swali lilelile, oya mwaka huu vyuo nani anabeba, na zamani nilikuwa najibu fasta tu bila kufikiria, Duke, Kansas, Kentucky, majina makubwa yale ambayo hata asiyefuatilia anayajua. Mpaka 2022 iliponitia adabu. North Carolina walikuwa wametoka kufungwa fainali na Kansas 72-69, wanne kati ya watano wanaoanza wamerudi, waandishi wa habari wanaopiga kura ya AP, lile shirika la habari la Marekani, wakawaweka namba moja kabla hata mpira haujadunda, na mimi nikatangaza kila mahali kwamba hapa hamna mjadala. Ikaisha hawajaingia hata kwenye mashindano ya Machi, yale ya mtoano ya kumtafuta bingwa, namba moja wa kwanza kuyakosa tangu yalipofanywa ya timu 64 mwaka 1985. Aliyebeba ni UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ambao kwenye ile orodha ya 25 bora ya mwanzo wa msimu hawakuwemo kabisa. Nilitaniwa miezi.

Toka siku hiyo nina daftari, na kazi yangu ya kuusoma msimu mpya naifanya mwenyewe, siyo ngumu, inataka uvumilivu na bando kidogo tu. Na niseme mapema, hii siyo ya kutengenezea mkeka, ukichanika usinitafute.

Kwanza usijaribu kuzisoma timu zote. Daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lina vyuo zaidi ya 350, hakuna binadamu anayevijua vyote na anayekwambia anavijua anakupiga kamba. Mimi nachagua timu 12, nane za wakubwa, mbili za konferensi za kati (konferensi ni makundi ya vyuo, kila kundi na ligi yake), mbili ambazo nazipenda tu bila sababu ya maana. Kwenye wale wakubwa hakikisha hata kama unawachukia makocha wao umeweka wa konferensi za SEC, Big 12, Big Ten na ACC, maana SEC peke yake Machi 2025 iliingiza timu 14 kati ya 68. Halafu jua kwamba ramani imevurugwa tangu 2024, UCLA ya Los Angeles sasa iko Big Ten na wakina Rutgers kule New Jersey, Stanford ambayo iko California inacheza konferensi inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki, ndo hiyo ACC, usiniulize, ni hela za TV za futiboli yao ndo zimefanya hivyo. Ila kwa msomaji wa msimu ina maana moja kubwa, safari. Timu inayoruka bara zima katikati ya wiki, na hawa ni wanafunzi, miguu inachoka ikifika Februari.

Sasa daftari lenyewe. Usianze Oktoba, anza Juni. Kwa nini Juni, kwa sababu wachezaji wanaopima maji ya NBA wanatakiwa wawe wameamua kurudi chuo au la mwishoni mwa Mei, na potali ya uhamisho inachemka mwezi Aprili. Potali ni ile orodha ambayo mchezaji akiingiza jina lake timu nyingine zinaruhusiwa kumfuata, ilianza 2018, zamani ukihama ulikaa benchi mwaka mzima, kuanzia 2021 ukaruhusiwa kuhama mara moja ukacheza papo hapo, na 2024 wakafungua kabisa, hama kila mwaka ukitaka mradi masomo yako yako sawa. Ongeza na hela, tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu msimu wa 2025-26 chuo chenyewe kinaweza kumlipa moja kwa moja. Kwa kifupi ni dirisha la usajili kama la Simba na Yanga, tofauti ni kwamba kule karibu kila mchezaji mkataba wake unaisha kila mwaka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila timu ni nani karudi, na hapa usihesabu majina, hesabu dakika. Mechi ya vyuo ni dakika 40, vipindi viwili vya 20, wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kila mechi timu ina dakika 200 za kugawana. Chukua takwimu za msimu uliopita, angalia waliorudi kila mmoja alikuwa anacheza dakika ngapi kwa mechi, jumlisha. Mfano mmoja 34, mwingine 31, mwingine 22, mwingine 10, hiyo ni 97, karibu nusu ya 200. Siku hizi za potali nusu ni nyingi kweli, zipo timu zinaanza na chini ya 40, yaani kocha mwenyewe anasoma majina kwenye jezi.

Lakini North Carolina walikuwa na dakika kibao za waliorudi, si ndo hao hao walionitia aibu? Ndo hapo swali la pili linapokuja, nani kaondoka na alikuwa anafanya nini. Aliyeondoka kwenye wale watano alikuwa Brady Manek, fowadi mrefu anayepiga pointi tatu. Watu tukaona ameondoka mmoja tu, hasara gani, kumbe yule ndo alikuwa anamtoa beki mrefu wa wapinzani nje ya boksi, lile eneo la chini ya ringi, ili senta wao Armando Bacot apumue ndani. Alipotoka boksi likajaa watu, mipira ya mbali haiingii, timu ileile ikawa timu nyingine. Siku hizi mbele ya kila aliyeondoka naandika kazi yake kwa neno moja, mpigaji, mlinzi, mpishi wa pasi, mzoa ribaundi, halafu natafuta nani kwenye waliokuja anafanya kazi hiyo hiyo. Nisipompata naweka alama ya kuuliza kubwa hata kama timu ni Kansas.

Waliokuja kwa uhamisho nao wana namna ya kuwasoma. Mtu aliyekuwa anafunga pointi 20 kwenye konferensi ndogo hafiki na pointi 20 zake mkononi, huko anakokwenda kuna watu wengine wanaotaka mpira. Kwa jinsi nilivyoona mimi vinavyosafiri vizuri ni kupiga mipira ya mbali, kufunga mipira ya faulo, na kutopoteza mpira, pointi zenyewe huwa zinabaki nyuma nusu. Mfano mzuri ni Florida waliobeba 2025. Magadi wao watatu, yaani wale wachezaji wa nje wanaoongoza mpira, wote walitoka sehemu nyingine, Walter Clayton Jr. alianzia Iona, Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, na wote watatu walikuwa wakubwa wa mwaka wa mwisho, siyo watoto. Kabla ya msimu AP iliwaweka namba 21. Aliyefungua daftari na kuona magadi watatu watu wazima ambao wawili tayari wana mwaka pamoja na kocha Todd Golden angewaweka juu zaidi. Mimi niliwaweka wa tisa, najisifu kidogo. Namba moja ya AP mwaka ule ilikuwa Kansas, wakatolewa na Arkansas mechi ya kwanza tu ya mashindano ya Machi.

Wale wa mwaka wa kwanza ndo wanaowachanganya watu wengi. Video zao za sekondari ni tamu, anadanki watu wafupi, unasema huyu Jordan mpya. Duke 2024-25 walikuwa na watatu wa kweli, Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, huyu Maluach ni mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, wote watatu wakachukuliwa NBA ndani ya kumi bora, timu ikafika nusu fainali. Halafu? Mbele ya Houston wanaongoza kwa pointi 6 dakika ya mwisho, wakafungwa pointi 9 mfululizo, 70-67. Houston walikuwa watu wazima wa kocha Kelvin Sampson, wanakaba kama wanadai hela. Siyo kwamba vijana hawabebi, Kentucky 2012 na Duke 2015 walibeba, ila hiyo ilikuwa kabla mchezaji wa miaka 23 hajawa anapatikana potalini kila mwaka. Kwa hiyo kijana mmoja au wawili ndani ya timu ya wazoefu naweka tiki, watano wanaoanza pamoja naogopa.

Na mabigi men wetu wa Afrika, wale warefu wa chini ya ringi, usiwapime kwa pointi za mwaka wa kwanza. Hasheem Thabeet wetu wa Dar alikaa UConn miaka mitatu mpaka akawa ukuta, akachukuliwa wa pili NBA 2009, mbele ya Harden na Curry, ndiyo, najua, tuache. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alianzia West Virginia, akahamia Kentucky, 2022 akawa mchezaji bora wa vyuo vyote akiwa na wastani wa ribaundi 15. Ukiona jina la senta wa hivyo limehama timu, soma ribaundi zake kwanza, hizo zinahama naye. (Na mwaka uleule Kentucky wakatolewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City, Tshiebwe akiwa amefunga 30 na ribaundi 16. Magadi, jamani, magadi.)

Namba sasa, ila usiogope. Usisome pointi kwa mechi, zinadanganya. Timu moja inafunga 65, nyingine 80, unasema ya pili ndo kali. Kumbe ya kwanza inacheza taratibu, inashambulia mara 60 tu, ukipiga hesabu ni kama 108 kwa kila mashambulizi 100, na ile ya 80 inashambulia mara 76, ni kama 105. Ya kwanza ndo kali. Kwenye tovuti ya Ken Pomeroy utakuta timu zote zimepangwa hivyo, ya Bart Torvik nayo ipo na haina kulipia, na zote zinatoa makadirio kabla msimu haujaanza. Angalia timu iwe juu pande zote mbili, kushambulia na kukaba. Ukitaka kuchimba zaidi kuna vitu vinne alivyovipanga mtaalamu wa takwimu za kikapu Dean Oliver, unapigaje, unapoteza mpira mara ngapi, unaokota ribaundi ngapi za kwako mwenyewe, unafika mstari wa faulo mara ngapi. Kwangu cha pili ndo naanza nacho.

Ratiba inatoka kabla ya msimu, ichape au ipige picha uiweke. Mechi za Novemba nyingi za nyumbani ni za kufunga vyuo vidogo kwa pointi 40, hizo ruka. Tafuta mechi za ugenini na zile za uwanja usio wa mtu, kama ule usiku wa Duke, Kansas, Kentucky na Michigan State, au mashindano ya Maui. Kamati inayochagua timu za mashindano ya Machi inatumia kipimo cha kuzipanga timu kinaitwa NET na inagawa ushindi kwa madaraja, kumfunga ugenini timu ya nafasi ya 75 ni daraja la kwanza, nyumbani lazima awe ndani ya 30. Kwa hiyo timu isiyotoka nyumbani mpaka Januari inaweza kuwa 12-0 na usiijue bado.

Wiki ya mwisho kabla ya kuanza pitia tena kila kitu, majeruhi na makocha. Oktoba 2024 Tony Bennett wa Virginia, aliyebeba 2019 mwaka mmoja tu baada ya kufungwa na UMBC, chuo kidogo kilichopangwa namba 16, yaani namba ya mwisho kwenye kundi lake la mashindano, alistaafu ghafla zimebaki wiki chache, kila aliyekuwa ameshawaandikia Virginia alirudi kufuta.

Ukishamaliza andika, kila timu sentensi tatu, nzuri nini, mbovu nini, itafika wapi, weka tarehe kwa peni siyo penseli. Krismasi fungua, usifute, andika pembeni kwa rangi nyingine.

Kuangalia sasa. Mechi ya saa moja jioni ya New York kwetu ni saa tisa usiku, ya saa tatu usiku kwao ni saa kumi na moja alfajiri, utafukuzwa kazi. Ila Jumamosi wanacheza kuanzia saa sita mchana kwao, hiyo kwetu ni saa mbili usiku, umekula, umeoga, daftari liko mapajani. Katikati ya Machi wakisogeza saa zao inakuwa saa moja, na 2023 mashindano yaliangukia Ramadhani, Adama Sanogo wa UConn alikuwa anafunga Ramadhani na bado akatoka mchezaji bora wa Final Four, hatua ya timu nne za mwisho, sisi huku wengine tulikuwa na daku mkono mmoja simu mkono mwingine.