SOMO: Jinsi ya kupunguza hela ya umeme na mkaa kipindi hiki cha baridi Njombe (maswali ruksa)

Kamwene wadau, na ninyi wa Makambako, Mafinga na Makete ambako nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Kipupwe ndo kimeingia, hadi Agosti hamna kupumzika, na kila nyumba naona kilio ni kimoja, luku inaisha haraka na mkaa hautoshi. Mimi mwaka jana Julai nilinunua umeme karibu mara mbili ya Februari na bado watoto walilala na baridi, ndo nikaanza kufuatilia hela inaenda wapi. Naweka hapa yaliyonisaidia.

HATUA YA 1: Soma mita kabla hujalaumu
Chukua daftari, andika uniti zilizobaki asubuhi na usiku, wiki moja tu. Halafu angalia uko kundi gani la bei ya umeme. Ukiwa T1 (watumiaji wa kawaida) elfu moja inakupa kama uniti 2.8, ukiwa D1 (nyumba zenye matumizi madogo) unapata 8.2 lakini hiyo bei ni ya uniti 75 za kwanza za mwezi, ukizivuka kila uniti inayofuata inapigwa bei kubwa. Watu wengi wa D1 baridi ndo inawavusha hapo, na hawajui.

Kwangu mla umeme alikuwa shawa ya maji moto. Imeandikwa wati 3500. Mtu mmoja akioga dakika kumi ni karibu uniti 0.6, sisi tuko watano, hiyo ni karibu uniti 3 kwa siku, kwa T1 ni kama shilingi elfu moja kila siku, yaani elfu thelathini na kitu kwa mwezi ni kuoga tu! Sikuing'oa. Tulikubaliana mtu anajimwagia, anazima, anajipaka sabuni, anawasha kusuuza. Dakika tano zinatosha kabisa na gharama ikashuka nusu.

Wale wa hita ya kuzamisha kwenye ndoo, nawaomba sana, usipime maji kwa kidole wakati iko kwenye soketi. Zima, chomoa, ndo uguse. Na ndoo iwe ya plastiki, watoto wakae mbali.

HATUA YA 2: Ziba upepo
Hapa ndo penye faida kuliko kote na karibu ni bure. Nyumba zetu nyingi hazina dari, kati ya ukuta na bati unaona mwanga, chini ya mlango mkono unapita. Usiku washa mshumaa, upitishe taratibu pembeni ya mlango na dirisha (mbali na pazia jamani), pale moto unapolala upande ndo upepo unapoingilia.

Chini ya mlango nilitumia mguu wa jinzi kuukuu, nikashona upande mmoja, nikajaza maranda, nikashona na upande wa pili. Maranda kwenye viwanda vya mbao hapa mjini unabeba tu. Ukiulaza pale mlangoni unakaa kama nyoka mnene, unaziba hadi kwenye kona, na usiku wa kwanza tu tuliona tofauti miguuni. Dirishani weka nailoni nzito upande wa ndani, pazia zito juu yake. Dari ukipata hela weka hata ya chumba cha kulala peke yake.

Lakini jikoni kunakowaka mkaa au kuni USIZIBE. Pale hewa ipite.

HATUA YA 3: Jiko la mkaa lisilale ndani
Hii nitairudia hadi mnichoke. Mdogo wangu alipanga chumba, akaingiza jiko usiku apate joto, akafunga mlango na dirisha. Aliamka kichwa kinagonga, anatapika, miguu haina nguvu, akatambaa kwenye sakafu hadi mlangoni akafungua, ndo ikawa pona yake. Na alikuwa na bahati, kuna familia nzima zinakutwa asubuhi hazipo tena. Kupasha chumba, wekeni jiko mlango ukiwa wazi mkiwa macho, mkienda kulala linatoka nje. Hakuna hela ya kuokoa hapo.

HATUA YA 4: Mkaa na kikapu
Nunua mkaa mzito. Wa miti ya miwati unakaa muda mrefu, wa misindano (paina) ni mwepesi, unaungua fasta halafu unaongeza tena na tena. Maharage loweka usiku, asubuhi yachemke kwelikweli kama dakika ishirini, halafu sufuria na mfuniko wake iingie kwenye kikapu chenye blanketi kuukuu chini, pembeni na juu. Ukirudi mchana unayakuta yameiva au yanataka moto kidogo tu. Moto unaobaki chemsha maji, jaza chupa ya chai, usiwashe tena jioni kwa ajili ya kikombe kimoja.

HATUA YA 5: Pasha mtu
Blanketi moja liwe CHINI yako. Baridi kubwa inatoka chini, hasa godoro likiwa sakafuni. Soksi, kofia, sweta la mtumba, basi.

MASWALI

Mpangaji wa Makambako: Mkuu, sisi luku moja vyumba sita, mmoja ana hita na anachangia sawa na wengine. Tufanyeje?
Jibu: Fungeni mita ndogo kila chumba, fundi anafanya. Mkishindwa, pigeni hesabu: wati gawanya kwa 1000, zidisha kwa masaa, ndo uniti zake. Mwonesheni kwa upole, wengi huwa hawajui.

Mdau wa Makete: Mkaa ukishakolea ukawa mwekundu si hauna moshi tena? Sisi tunaingiza ukifika hapo.
Jibu: Hapana ndugu yangu. Ile hewa mbaya, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mkaa mwekundu unaitoa vilevile. Moshi kuisha hakumaanishi sumu imeisha. Leo usiku utoe nje tafadhali.

Mama Kichanga: Kaka nina mtoto wa wiki tatu, nimenunua hita ya chumba wati 2000. Nikiwasha usiku kucha itakula ngapi?
Jibu: Hongera dada. Uniti 2 kila saa, masaa nane ni uniti 16, kwa T1 zaidi ya elfu tano kwa usiku mmoja. Washa nusu saa kabla ya kumwogesha, funga mlango, muogeshe, mkaushe haraka mpaka kichwani, mvalishe kofia na soksi, zima. Akiwa macho na wewe uko macho mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi, hiyo inampa joto zuri. Chupa ya maji ya moto usimlaze nayo, inaunguza. Na akiwa baridi mwili mzima au hanyonyi, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.