Msimalizie hela ya kinu kabla hamjakijaribu na mahindi yenu wenyewe

Jamani, kikundi kikitaka kuagiza mashine ya kusaga, iwe SIDO, lile shirika la viwanda vidogo la Tanzania, au kwa fundi wa kuchomelea hapo mtaani, msibabaike na rangi wala ukubwa wa mota, anzeni na zile nyundo za ndani, vile vyuma vinavyozunguka na kupiga mahindi. Kila nyundo ipimwe kwenye mzani mdogo na zinazoelekeana ziwe na uzito sawa, zikipishana mashine inatetemeka, beringi zinakufa mapema. Kipimo chake rahisi tu: zima umeme, toa mkanda, zungusha rota, ule mhimili uliobeba nyundo, kwa mkono uiache isimame yenyewe, rudia mara kadhaa, kama ni upande uleule unaorudi chini kila mara basi huo ndio mzito, fundi aurekebishe kabla hamjaendelea.

Kwenye puli, yale magurudumu ya mkanda, pia wengi wanaliwa. Mota ikizunguka 1440 kwa dakika, ukiweka puli ya inchi 8 kwenye mota na ya inchi 4 kwenye kinu unapata kama 2880, ila muulizeni fundi kinu chake kimetengenezwa kwa spidi gani na msiizidishe, nyundo ikichomoka inaua mtu. Na mkanda uwe na kava, hilo halina mjadala, watoto wanakuja na ndoo pale.

Siku ya kujaribu mahindi yawe makavu, mabichi yanaziba chekeche halafu mnailaumu mashine bure. Chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa, iache kidogo, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa bado yana maji, rudisheni juani. Yakiwa sawa pima kilo 20, soma yuniti kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, shika saa, saga, soma tena. Hapo mnajua kilo ngapi kwa saa na umeme kiasi gani, sio maneno ya fundi. Unga wa kwanza pitisheni sumaku iliyofungwa mfuko wa nailoni, mtaona vipande vya chuma vilivyobaki kwenye kuchomelea, huo mwageni, hata kuku msiwape, endeleeni kusaga na kumwaga mpaka sumaku itoke safi.

Zile namba ziandikeni kwenye daftari la kikundi. Baadaye kilo 20 zikianza kula yuniti nyingi kuliko siku ile, fungueni muangalie kona za nyundo, zikiwa zimelika zigeuzeni zote kwa pamoja, kona ya pili bado inasaga.