Siku ya kwanza Istanbul kwa anayekwenda kujumua: usinunue hata soksi

Saa yako usiiguse. Tangu mwaka 2016 Uturuki haibadilishi tena saa kwa misimu. Iko sawa na Afrika Mashariki mwaka mzima. Kinachokuchosha ukifika ni ule usiku mzima wa kukaa wima kwenye kiti huku mtoto wa watu analia nyuma yako. Mwili wa namna hiyo haufai kushika dola na kubishana bei. Kila anayeniuliza habari za kwenda Laleli, mtaa wa maduka ya jumla ya nguo, kuchukua mzigo namwambia hivyohivyo: siku ya kwanza ni ya kuujua mji, pesa ibaki mfukoni.

Kabla ya yote, tazama tiketi. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Kikiandikwa IST, uko upande wa Ulaya. Kikiandikwa SAW, huo ni Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na maelekezo ya njia ninayotoa hapa hayakuhusu mpaka ufike mjini.

Begi la mkononi ndilo la kufikiria sana. Januari jua la kule huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na theluji si ajabu. Kwa hiyo koti, nguo ya ndani ya kubadilisha, dawa, chaja na hela vikae na wewe ndani ya ndege. Mimi begi langu kubwa lilishabaki njiani. Nilisimama kwenye ule mkanda mpaka ukazimwa, abiria wenzangu wote wameshaondoka, na kilichoniokoa ni koti nililokuwa nimelikalia.

Likikukuta hilo, usitoke nje. Ukishavuka mlango wa forodha, kurudi ndani ni shughuli. Tafuta dawati la mizigo iliyopotea palepale kwenye ukumbi wa mikanda, toa ile stika ndogo yenye namba uliyobandikiwa wakati wa kukabidhi mzigo (ndiyo sababu haitupwi), kisha uandikiwe ripoti. Ripoti ina namba ya kumbukumbu. Ya hapa kwa kawaida huanza na IST, zinafuata herufi mbili za shirika la ndege na tarakimu tano. Ipige picha. Eleza begi kwa rangi, ukubwa na alama yake: “jeusi lenye magurudumu” ni maelezo ya nusu ya mabegi ya dunia, lakini “jeusi lenye utepe wa kitenge kwenye mpini” linapatikana. Waachie jina na anwani ya hoteli, maana likifika wataulizia huko.

Hapo ndipo soksi utanunua, ndiyo. Nunua za lazima na utunze kila risiti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unakupa haki ya kudai fidia ya mzigo uliochelewa, ila uandike malalamiko ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi. Likija limevunjika, una siku 7 tu. Kulalamika kwa mdomo pale dawatini hakuhesabiki.

Pesa: pale uwanjani badilisha kidogo tu, ya nauli na chai. Mjini maduka yenye bango la “Döviz” yako kila kona, na bei yao ni afadhali sana. Ubao una safu mbili. Wewe mwenye dola tazama iliyoandikwa “alış”, ndiyo bei wanayokununulia. Lira inashuka thamani haraka, kwa hiyo bei aliyokutajia mwenzako wa mwaka jana isahau.

Kuingia mjini, teksi ni rahisi kwa mtu aliyechoka, na ndiyo maana ndiyo inayowala waliochoka. Ukiipanda, mita iwashwe, na ukilipa taja noti kwa sauti unapomkabidhi dereva, maana mchezo wa kubadilishiwa noti kubwa kwa ndogo upo. Mimi napanda treni. Nunua Istanbulkart, kadi ya nauli ya mji, kwenye mashine, weka salio, panda M11 mpaka Gayrettepe, tembea lile njia refu la chini ya ardhi, kisha M2 kuelekea Yenikapı. Mkiwa wawili kadi moja inatosha, mnagusisha mara mbili. Kati ya Şişhane na Vezneciler treni inatoka ardhini ghafla na kusimama juu ya daraja, maji huku na huku. Hicho ni kituo cha Haliç. Usishuke, kinachofuata ndicho chako: Vezneciler, na Laleli iko hatua chache kwa miguu. Treni hiyo hulala usiku wa manane mpaka saa kumi na mbili alfajiri. Ukifika katikati ya hapo, chukua basi la Havaist.

Hoteli nyingi hazikupi chumba kabla ya saa nane mchana. Usigombane nao. Acha begi mapokezi, waambie kuna jingine linaweza kuletwa, uwape namba ya ripoti. Kama unaswali, Msikiti wa Laleli uko jirani, wa karne ya 18. Unatawadha, unaswali, unakaa kwenye zulia mpaka miguu irudi.

Sasa zunguka Laleli mikono mitupu. Maduka mengi huuza kwa seri, yaani mfululizo wa saizi za nguo moja, na bei hutajwa kwa dola. Uliza seri ina vipande vingapi na kipande ni bei gani, chukua kadi ya duka, andika nyuma yake, ondoka. Watakuita “sister”, watakuletea chai kwenye kile kigilasi chembamba kiunoni. Kunywa, shukuru. Atakayejitolea kukutembeza maduka usiku na mchana “bure” analipwa na maduka, na malipo yake yamo kwenye bei yako.

Njaa ikiuma, ingia lokanta yenye vyakula vilivyopangwa kwenye kioo, nyooshea kidole unachotaka. Supu ya dengu nyekundu na mkate na ndimu haijawahi kuniangusha.

Baadaye panda tramu T1 mpaka Eminönü, upande meli ya Kadıköy. Ni kama dakika ishirini, kwa kadi ileile. Watu wengi hukimbilia foleni ya Hagia Sophia siku ya kwanza. Mimi sioni faida ya kusimama ukisinzia mbele ya jengo lililokaa hapo tangu mwaka 537. Kutoka melini unaliona, na minara sita ya Msikiti wa Bluu, na mnara wa Galata ng'ambo ya pili, na unaelewa mji umekaaje: hapa ninapolala, pale ninapojumua, huku Asia. Hakuna anayekuuzia kitu zaidi ya chai na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na nusu ya simit huishia kwa ndege wa baharini. Ni pantoni ya Kigamboni yenye viti vya kutosha.

Ukirudi Eminönü, mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, mwache aiokote mwenyewe. Ukimwokotea, atakung'arishia viatu kwa “shukrani”, kisha bei ifuate.

Usilale kabla ya saa mbili usiku. Panga zile kadi kitandani kwa bei, chaji simu, fuatilia begi kwa ile namba. Na kama ndege yako inatua Jumapili, ruka habari ya Laleli kabisa: maduka mengi ya jumla hufungwa, na soko kuu la Kapalıçarşı nalo hufungwa. Nenda melini moja kwa moja.