Kiendelezi kimegoma? Kagua ruhusa kabla hujakifuta

Wakuu, salama? Kiendelezi cha kivinjari (extension, ile programu ndogo unayoiongeza kwenye Chrome au Firefox) kikigoma, wengi wetu dawa tunayoijua ni moja: futa, weka upya. Ngojeni kwanza. Ukikiondoa, mipangilio iliyohifadhiwa kwenye kompyuta yako inaondoka nacho: tovuti ulizoziruhusu, vichujio ulivyoviandika mwenyewe, kila kitu. Na ukikirudisha, aghalabu kitagoma vilevile, maana kilichokizuia ni ruhusa, si ubovu. Kwa hiyo kufuta tunakuweka mkiani.

Natumia Chrome ya kompyuta. Edge na Brave zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, kwa hiyo hatua hazipishani sana. Firefox nitaigusa pale inapokwenda njia yake.

Hatua ya 1. Hakikisha kipo na kimewashwa. Andika chrome://extensions pale unapoandikia anwani, kisha bonyeza Enter. Kila kiendelezi kina swichi yake. Kwenye Firefox ni about:addons.

Hatua ya 2. Kagua tovuti kinazoruhusiwa kuingia. Hapa ndipo matatizo mengi yalipo, kwa hiyo twende polepole. Bofya "Maelezo" chini ya jina la kiendelezi, shuka hadi sehemu ya ufikiaji wa tovuti. Utakuta njia tatu: kifanye kazi ukikibofya tu, kwenye tovuti ulizozitaja, au kwenye tovuti zote. Kikiwa kwenye ile ya kwanza, kitakaa kimya mpaka ukiguse, na mtu akikiona kimya anadhani kimekufa.

Ile ya katikati ndiyo ninayoipenda, ila ina mtego. Tuseme unatumia kiendelezi cha kutunza nywila na umekiruhusu mail.google.com peke yake. Ukifika mahali pa kuingia, hakijazi chochote. Kwa nini? Kwa sababu kuingia kwenyewe kunafanyika accounts.google.com, na kwa kivinjari hiyo ni anwani nyingine kabisa. Hali ni hiyohiyo kwenye maduka ya mtandaoni: ukurasa ni wa duka, lakini kile kisanduku cha kadi kimepachikwa kutoka kwa kampuni ya malipo. Soma anwani iliyopo mbele yako wakati tatizo linapotokea, kisha ongeza hiyo.

Ukishabadilisha, pakia upya ukurasa. Kichupo (tab) kilichokuwa wazi tangu mwanzo hakijui kama umebadilisha kitu.

Kuhusu "tovuti zote": kitunza nywila kinaweza kuwa na sababu ya kuziomba. Kiendelezi cha kikokotoo kinachotaka kusoma na kubadilisha data yako kwenye kila tovuti, mimi sikiweki.

Hatua ya 3. Angalia kama kimezimwa baada ya sasisho. Toleo jipya likiomba ruhusa kubwa kuliko ya zamani, Chrome inakizima hadi ukubali. Usikubali kwa mazoea. The Great Suspender, kilichotumika sana kupumzisha vichupo, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Jina lilikuwa lilelile muda wote huo.

Hatua ya 4. Dirisha la faragha na faili za kwenye diski. Vyote viwili vina swichi zake kwenye ukurasa uleule wa Maelezo, na kwa kawaida zimezimwa. Kama unafungua PDF iliyo kwenye kompyuta yako na kiendelezi hakiioni, sababu ni hiyo. Firefox nayo huuliza kuhusu madirisha ya faragha.

Hatua ya 5. Zima viendelezi vyote, kisha washa nusu. Tatizo likirudi, mkorofi yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Viendelezi viwili vinavyogombea ukurasa wa kichupo kipya, au mipangilio ya proksi (seva ya kati ambayo mtandao wako hupitia), huharibiana kazi bila kutoa taarifa yoyote.

Kuna kurasa ambazo hakuna ruhusa itakayokusaidia: zinazoanza na chrome://, pamoja na duka lenyewe la viendelezi la Chrome. Usipoteze muda huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, uBlock Origin yangu, ya kuzuia matangazo, imezimwa na swichi haikubali. Nimekagua ruhusa zote, ziko sawa.

Jibu: Hiyo si ruhusa, ndugu yangu. Chrome imeacha kukubali viendelezi vilivyoandikwa kwa mfumo wa zamani, Manifest V2. Kuvizima kulianza 2024. Una njia mbili: uweke uBlock Origin Lite, iliyoandikwa kwa mfumo mpya lakini ina uwezo mdogo zaidi, au uhamie Firefox ambako ile kamili bado inafanya kazi. Mimi nilihama.

Swali: Kompyuta ya kazini inaandika kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika. Naondoaje hiyo?

Jibu: Kama ni mali ya ofisi, huondoi, mwone mtu wa TEHAMA umwombe akuruhusie kiendelezi hicho. Kama kompyuta ni yako binafsi, fungua chrome://policy uone ni sera gani zimewekwa. Wakati mwingine ni antivirusi, wakati mwingine ni programu mbaya iliyojipachika.

Swali: Kaka, kwenye simu sizioni hizo sehemu kabisa.

Jibu: Chrome ya Android haina viendelezi, dada. Jaribu Firefox ya Android. Tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa viendelezi vingi.

Swali: Nimeingia kwa akaunti ileile nyumbani, kiendelezi kimekuja lakini mipangilio haikuja. Usawazishaji nimewasha.

Jibu: Hifadhi inayosafiri na akaunti ni ndogo, takriban kilobaiti 100 kwa kila kiendelezi, kwa hiyo waandishi wengi huacha orodha ndefu kwenye mashine husika. Fungua mipangilio ya kiendelezi chenyewe utafute sehemu ya kuhamisha au chelezo, toa faili, kisha iingize kwenye mashine ya nyumbani. Ruhusa za tovuti hazimo kwenye faili hilo, utazitoa upya kwa mkono.